Saa Ndani ya Bakteria

Vijana wenzangu, tumezoea kudhani historia ni ya wafalme na vita tu. Mimi leo naleta historia ya kidudu, tena kisichoonekana kwa macho: bakteria aitwaye E. coli.

Mwaka 1961, huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza kwamba jeni hazifanyi kazi ovyo ovyo. Zipo protini zinazozima jeni, na zikiondoka jeni inawaka. Kumbe ndani ya seli mna swichi! Basi kama swichi zipo, fundi si anaweza kuziunganisha apendavyo?

Jibu lilikuja Januari 2000. Michael Elowitz, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Princeton, na mwalimu wake Stanislas Leibler, walitangaza saa waliyoiunda ndani ya bakteria kwa jeni tatu. Hebu fikiria: Fatuma anamnyamazisha Juma, Juma anamnyamazisha Rehema, Rehema naye anamnyamazisha Fatuma. Hakuna anayetawala daima. Kila mmoja ana zamu yake. Protini iliyotokana na konyeza, yule mnyama wa baharini anayewasha ngozi, iliifanya seli ing'ae kijani zamu ilipofika.

Kabla ya kugusa seli, walipiga hesabu. Hesabu zikaonyesha kwamba protini zikivunjika upesi, saa ina nafasi nzuri ya kutembea. Wakazibandika alama ya kuharakisha kuvunjika kwake. Saa ikatembea, mzunguko mmoja kama dakika 160. Lakini jamani, ni asilimia 40 hivi tu ya seli zilizoonyesha mapigo, na seli zilizozaliwa na mama mmoja zikaanza kupishana. Wenyewe hawakuficha, waliyaandika hivyo hivyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Harvard waliirudia saa ile. Miongoni mwa vitu walivyoviondoa, unajua kilikuwemo nini? Ile ile alama iliyotokana na hesabu! Mwendo ukawa wa polepole, lakini saa ikashika zamu zake vizazi kwa vizazi.

Wapo watakaosema hesabu zilidanganya. Mimi nakataa. Bila hesabu zile pasingekuwa na saa ya kurekebisha. Karatasi ilitoa wazo, seli ikajibu, na watu wakakubali kulisikiliza jibu. Sisi tunaopanga mizani mezani, kisha tukanuna shairi likikwama mdomoni mwa msomaji, tuna la kujifunza hapo.