Misahafu ya Siyu na Uzi wa Fundi

Mwezi huu kila mmoja wetu ana msahafu mkononi, lakini ni wangapi tunaoutazama mgongo wake? Ukipata ule uliotiwa gundi tu bila kushonwa, hata kumi la mwisho halijaingia, Juzuu Amma ishaanza kung'oka. Na sisi dawa yetu ni selotepu!

Wazee wetu wa Siyu, kisiwani Pate, hawakuwa hivyo. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huo ulijaa wanachuoni, waandishi na mafundi wa ngozi. Misahafu iliandikwa huko kwa mkono, ikapambwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano, ikatiwa jalada la ngozi. Karatasi zilitoka Ulaya, zikaja kwa bahari.

Lugha yenyewe ni shahidi. "Karatasi" ni qirtas, neno lililomo katika Suratul An'am, aya ya 7. "Kurasa" asili yake ni kurrasa, yaani fungu la karatasi zilizokunjwa na kutiwa moja ndani ya nyingine. Na "jalada" latokana na jild, ngozi. Yaani kila siku tunamtaja fundi bila kujua.

Siri ya kazi hii ni ule mkunjo. Sindano hupita katikati ya kila fungu, uzi ukalishika na fungu la pili, la tatu, mpaka kitabu kizima. Gundi huja baadaye, kusaidia tu. Majalada ya Kiislamu aghalabu yana ulimi pia, unaokunjwa kulinda ukingo wa kurasa usiliwe na vumbi.

Mwaka 1863 Sultan Majid wa Zanzibar aliuteka Siyu. Kisha ikaja misahafu ya chapa kutoka Bombay na Misri, na kazi ya mkono ikafifia. Msahafu mmoja wa Siyu leo uko Los Angeles, Marekani, katika makumbusho ya Fowler. Mbali kweli!

Lakini uzi na sindano tunavyo. Baada ya Alasiri, badala ya kuhesabu dakika za futari, kunja karatasi nane pamoja, toboa matundu matatu mkunjoni. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani, rudi ndani kwa la juu, shuka utoke kwa la chini, kisha rudi kwa la kati ufunge fundo. Ukivuta uzi ukakaza, utasikia karatasi zinashikana. Raha yake huijui mpaka uifanye.