Picha Zinazotangulia Kamera

Kupiga filamu Mwembe Tayari, Mombasa, jioni ni kazi ya gharama. Mabasi ya bara yanapakia abiria, mahamali wanasukuma mikokoteni, tuktuk zinapenya kila upenyo, na jua likishazama nuru imekwisha. Mwongozaji asiyejua kila tukio litachukua sekunde ngapi, siku hiyo imempotea. Kinga yake ni animatiki: michoro ya filamu nzima iliyopangwa kwa mfuatano, kila mmoja ukikaa kwenye skrini kwa muda wake halisi, huku sauti za majaribio zikisikika.

Njia hii inakaribia kutimiza karne. Mapema miaka ya 1930, wachoraji wa studio ya Walt Disney, Marekani, walianza kubandika michoro ukutani. Katuni ya nguruwe watatu ya 1933 hutajwa sana kuwa ya kwanza kupangwa yote hivyo. Kisha michoro ikapigwa picha kwenye mkanda na kuunganishwa na sauti, kasoro zikaonekana mapema. Kwa ajili ya Star Wars ya 1977, George Lucas aliunganisha vipande vya mapigano ya ndege kutoka filamu za zamani ili mafundi wake wajue kila chombo kiruke vipi na kwa muda gani.

Kwetu, suala la picha na sauti kukutana kwa wakati lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment chini ya Meja L. A. Notcutt ulipiga filamu za milimita 16 zisizo na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, yakachezwa sambamba na picha. Santuri ikiwahi au ikichelewa, maneno yaliangukia picha isiyo yao. Mradi ule ulikuwa wa kikoloni na ulimdharau mtazamaji wake. Hata hivyo, tatizo lile la muda ndilo linalomkabili mwongozaji wa leo.

Ikapita miaka mingi. Mwaka 2010 ukaja mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, na mwaka 2014 Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam. Kwenye katuni hakuna anayebishana: sekunde moja yaweza kudai picha 24, kwa hiyo mpango hutangulia. Wanaopiga filamu za watu halisi ndio wanaoudharau, na hapo wanakosea sana.

Hata sheria ya Kenya ya filamu, Sura 222, humtaka mwombaji wa kibali aeleze matukio yote na maneno yatakayosemwa. Sharti hilo hutimizwa kwa karatasi, lakini karatasi haionyeshi muda.

Vijana wa Mombasa, kabla ya kukodi kamera, tembeeni na simu kutoka sanamu za askari wa Vita vya Kwanza hadi sokoni. Pigeni picha za mnato kila mahali mnapokusudia kusimamisha mwigizaji. Rekodini mazungumzo kwa Kimvita chenu, mpange vyote kwenye programu ya kuhariri, kisha mwonyesheni mtu asiyeijua hadithi. Atakapochoka, kateni hapo.