Swali la Regina Jonas na Chuo cha Berlin

Katika mwaka wa 1930 Regina Jonas, binti wa mchuuzi maskini wa Berlin, aliwakabidhi walimu wake insha ya kumalizia masomo. Kichwa cha insha hiyo kilikuwa swali: je, mwanamke aweza kushika kazi ya rabi? Hoja zake zilichotwa katika Torati, katika Talmudi, na katika majibu ya wanazuoni wa sheria, ambayo kwa Wayahudi yana daraja iliyo karibu na ile ya fatwa kwa Waislamu. Chuo kiliipokea insha, kikaipima, kikaipa alama ya kazi njema. Kisha kikampa mwandishi wake cheti cha ualimu wa dini, na hati ya urabi hakikumpa. Jibu lilikubaliwa kama elimu; kama hukumu ya kufuatwa, likaachwa mezani.

Ili jambo hili lifahamike yapasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu chuo chenyewe kilizaliwa na swali lililokosa mahali pa kuulizwa. Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka wa 1810, na miongoni mwa vijana walioingia humo walikuwamo Wayahudi waliolelewa katika vitabu vya Kiebrania, ambao sasa walifundishwa namna nyingine ya kusoma: nani aliandika, aliandika lini, kwa lugha ya zama zipi, na nakala ipi ni sahihi. Leopold Zunz, aliyezaliwa mwaka wa 1794, alijifunza namna hiyo kwa walimu wa elimu ya Kiyunani na Kirumi. Akauliza kwa nini isitumiwe kwa vitabu vya watu wake mwenyewe, na kijitabu alichokitoa mwaka wa 1818 kilikuwa wito wa kuianza kazi hiyo. Mwaka uliofuata yeye na wenziwe, Eduard Gans mwanasheria akiwa mmoja wao, waliunda chama cha elimu ya Uyahudi. Mshairi Heinrich Heine aliingia baadaye.

Chama hakikudumu. Mwaka wa 1822 serikali ya Prussia iliwafungia Wayahudi mlango wa kufundisha katika vyuo vikuu, mwaka wa 1824 chama kikavunjika, na mwaka wa 1825 Gans na Heine, mmoja baada ya mwingine, walibatizwa. Gans alipata kiti chake cha sheria, na baadaye kijana Karl Marx akawa miongoni mwa waliomsikiliza. Heine hakupata kitu. Zunz alibaki alivyokuwa, akaishi kwa kazi za ualimu na uandishi, akaandika vitabu ambavyo hata leo havipitwi na mtu atafutaye historia ya sala na hotuba za Wayahudi. Mwaka wa 1848 aliomba serikali iweke kiti cha elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha Berlin. Ombi likakataliwa. Theolojia ya Kikristo ilikuwa na kitivo kizima. Elimu ya Talmudi haikupewa hata kiti kimoja.

Basi Wayahudi wakajenga vyuo vyao wenyewe. Cha Breslau kilifunguliwa mwaka wa 1854. Berlin ilipata viwili kwa mfululizo: Chuo cha Juu cha Elimu ya Uyahudi mwaka wa 1872, na mwaka wa 1873 seminari ya wale walioshika mapokeo kwa ukali, iliyoanzishwa na Rabi Esriel Hildesheimer. Kile cha kwanza ndicho kinachohusika hapa. Waanzilishi wake walitaka kiwe huru, kisitawaliwe na serikali wala na jumuiya ya dini, wala kisimtake mwalimu au mwanafunzi aape kwa madhehebu fulani. Abraham Geiger, bingwa wa mageuzi, alifundisha humo mpaka alipofariki mwaka wa 1874. Katika mwaka wa 1907 chuo kilihamia jengo lake katika mtaa wa Artilleriestrasse, na katika majira ya baridi ya 1923 Franz Kafka, mgonjwa wa kifua na aliyebakiwa na miezi michache ya kuishi, alikuwa akiketi humo kusikiliza masomo.

Hapo palikuwa na mashaka ambayo uhuru wa chuo haukuyaondoa. Katika yeshiva, yaani chuo cha mapokeo, mwanafunzi husoma sheria kwa kuwa imemfunga. Aulizapo kama jambo ni halali, jibu litamlazimu kutenda. Katika chuo kikuu mtu husoma sheria ile ile ili ajue ilivyokua. Chuo cha Berlin kilitaka yote mawili kwa pamoja. Mwalimu angeweza asubuhi kuonyesha jinsi hukumu fulani ilivyotungwa katika Babeli kwa sababu za Babeli, na jioni kutakiwa na jumuiya aseme kama hukumu hiyo yawafunga watu wa Berlin. Mara nyingi mambo haya mawili yalikaa bila kugusana, kama majirani wasioamkiana.

Wakati mwingine yaligusana. Katika majira ya baridi ya 1899 na 1900 Adolf Harnack, mwanatheolojia mashuhuri wa Kiprotestanti, alitoa katika Chuo Kikuu cha Berlin mihadhara juu ya kiini cha Ukristo. Mihadhara hiyo ikawa kitabu kilichosomwa na watu wengi mno, na ndani yake dini ya Mafarisayo ilionekana kama ganda kavu ambalo Injili ilikuja kulivunja. Rabi kijana, Leo Baeck, alimjibu, na mwaka wa 1905 alitoa kitabu chake juu ya kiini cha Uyahudi, akishikilia kwamba kiini hicho ni amri ya kutenda haki, na kwamba imani isiyozaa tendo si imani kamili. Baada ya miaka michache Baeck aliitwa kufundisha katika Chuo cha Juu, akakaa humo mpaka siku ya mwisho ya chuo.

Regina Jonas alizaliwa tarehe 3 Agosti 1902 katika mitaa ya wahamiaji maskini wa Berlin. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1913, akamwacha mjane na watoto wawili. Binti alisoma kwa juhudi, akaanza kufundisha wasichana, na mwaka wa 1924 akaingia chuoni. Wanawake walikuwamo kabla yake na pamoja naye, lakini ilidhaniwa kwamba wote watatoka wakiwa walimu wa dini. Yeye peke yake alisema wazi kwamba anataka urabi.

Insha yake yastahili kusomwa kwa sababu ya njia aliyoichagua, maana mbele yake palikuwa na njia nyepesi. Katika chuo alichokifundisha Geiger, mtu angeweza kusema kwamba nyakati zimebadilika, kwamba sheria ya kale ilitungwa kwa watu wa kale, na kwamba mwanamke wa karne ya ishirini apewe haki yake bila kuuliza zaidi. Walimu wake wengi wasingeona ajabu. Jonas hakuipita njia hiyo. Alikuwa mtu wa kushika Sabato na sheria za vyakula, na alitaka jibu litoke ndani ya sheria yenyewe, kwa mizani yake yenyewe, ili hata yule asiyependa mageuzi alazimike kulitafakari.

Alianza na urabi wenyewe. Rabi si kuhani. Silsila ya kale ya kuwekewa mikono, iliyodhaniwa kushuka kutoka kwa Musa, ilikatika karne nyingi zilizopita. Hati anayopewa rabi wa leo ni idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi wake, jambo ambalo msomaji aijuaye ijaza hatalishangaa. Sala ya Wayahudi yaweza kusimama bila rabi. Kazi yake ni kufundisha, kutoa hukumu, kuhubiri, kuwafariji wagonjwa na waliofiwa. Hivyo swali moja kubwa likawa maswali madogo mengi, na kila moja likapelekwa kwenye vitabu. Je, mwanamke amekatazwa kujifunza? Mishna ina kauli mbili zinazopingana: Ben Azzai ataka baba amfundishe binti yake Torati, na Rabi Eliezer aona kwamba amfundishaye humfundisha upotovu. Wengi waliofuata walimshika Eliezer na kumsahau Ben Azzai, lakini kauli ya Ben Azzai haikufutwa, imo pale pale. Je, amekatazwa kufundisha na kuamua? Debora aliwaamua Israeli, na Talmudi yenyewe yamtaja Beruria kwa elimu yake.

Penye miamba palikuwapo. Sheria ya kale haikubali ushahidi wa mwanamke katika mambo mengi, na mtu mwenye nia ya kupinga angeweza kutia nanga hapo. Lakini kushuhudia si kazi iliyofungwa kwa rabi. Yeyote mwenye sifa aweza kuitwa. Kuhusu staha, ambayo wapinzani waliitumia kama ukuta, Jonas aliigeuza: staha ni wajibu wa mwanamume na mwanamke, na kuna mambo ambayo msichana au mgonjwa wa kike atayaeleza kwa mwanamke mwenziwe na hatayaeleza kwa mwanamume. Alikubali pia masharti ambayo wanawake waliomfuata wasingeyakubali, kwani aliona afadhali rabi wa kike asiolewe, ili kazi isigombane na nyumba. Mwisho wa uchunguzi wake alihukumu kwamba kizuizi kilichobaki ni mazoea na chuki ya jambo geni. Katika sheria hakukiona.

Msimamizi wa insha alikuwa Eduard Baneth, mwalimu wa Talmudi. Akafa mwaka ule ule wa 1930. Aliyemfuata katika kiti hicho hakuwa tayari kumpa mwanamke hati, na Baeck, aliyeheshimiwa na pande zote, hakuilazimisha shauri hiyo. Labda alihofia kuwagawa marabi wa Ujerumani katika wakati mbaya. Hofu hiyo yaeleweka, na hata hivyo haimtoi mtu lawamani: chuo kilichojivunia kwamba hakimwogopi mtu katika elimu kilikuwa kimemwachia mwanafunzi wake hoja iliyoshinda bila tunda la ushindi. Jonas alingoja miaka mitano. Tarehe 27 Desemba 1935 Rabi Max Dienemann wa Offenbach alimtahini kwa niaba ya umoja wa marabi wa kiliberali, akamwandikia hati.

Wakati huo Ujerumani haikuwa tena ile ya 1930. Tangu mwaka wa 1933 Wayahudi walikuwa wakifukuzwa katika vyuo vikuu, na Chuo cha Juu kikawa kimbilio la walimu na wanafunzi waliofungiwa milango kwingine. Watu ambao zamani hawakujali Talmudi wakajikuta wameketi mbele yake. Mmoja wa wanafunzi wa miaka hiyo alikuwa Emil Fackenheim, aliyekamatwa Novemba 1938 na kutiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akaokoka, na baadaye akawa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Toronto. Yeye ndiye aliyesema, mwaka wa 1967, kwamba juu ya zile amri 613 za mapokeo imeongezeka moja, ya kutompa Hitler ushindi baada ya kufa kwake. Mwingine aliyepita chuoni kabla yake, Abraham Joshua Heschel, alifika Marekani mwaka wa 1940, na mwaka wa 1965 alitembea Selma pamoja na Martin Luther King. Alikuwa ameandika tasnifu yake ya Berlin juu ya manabii, na watu waliomwona barabarani Alabama hawakuhitaji kuambiwa aliitoa wapi miguu yake.

Jonas hakuondoka, mama yake alikuwa Berlin. Alihubiri katika nyumba za wazee, akatembelea hospitali ya Wayahudi, na kadiri marabi walivyokamatwa au kukimbia, jumuiya zilizobaki bila mchungaji zilimwita. Hakuna aliyeuliza tena kama sheria yaruhusu. Chuo kilifungwa kwa amri ya serikali mwaka wa 1942, Baeck akifundisha wanafunzi wachache mno waliosalia. Tarehe 6 Novemba mwaka huo Jonas na mama yake walipelekwa Theresienstadt. Huko alifanya kazi chini ya daktari Viktor Frankl, akiwalaki walioshuka katika magari ya moshi, wakiwa wamepigwa bumbuazi kwa waliyoyaona, na akatoa mihadhara juu ya Biblia, Talmudi na wanawake wa Kiyahudi. Orodha ya mihadhara hiyo imehifadhiwa. Tarehe 12 Oktoba 1944 alisafirishwa kwenda Auschwitz, akauawa huko.

Frankl aliokoka na Baeck aliokoka. Wote wawili waliandika na kuhutubu kwa miaka mingi baadaye, wala hawakumsimulia. Mwaka wa 1972, Sally Priesand alipopewa urabi huko Cincinnati, ulimwengu ulimtaja kuwa mwanamke wa kwanza, na waliosema hivyo hawakudanganya kwa makusudi. Karatasi za Jonas zilikuwa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani ya Mashariki, mahali ambapo watafiti wachache walifika. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka wa 1989 hifadhi zikafunguliwa, na mwaka wa 1991 Katharina von Kellenbach, mtafiti aliyekuwa akitafuta habari za wanawake katika dini, akazikuta: insha, hati ya Dienemann, barua, na picha ya mwanamke aliyevaa joho la rabi.

Insha ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1999, miaka 69 baada ya kukabidhiwa, ikihaririwa na Elisa Klapheck. Mwaka wa 2004 mhariri huyo mwenyewe akawa rabi.