Aliyemtangulia Mwanasesere

Anayenunua mwanasesere wa watu wazima siku hizi huanza na mwili: urefu, uzito, upana wa kiuno. Kisha huchagua rangi ya ngozi, ya macho na ya nywele. Kichwa kinaweza kuuzwa peke yake, kwa kuwa hufungwa shingoni kwa skrubu na kubadilishwa kama taa ya gari. Mwili uliotoka kwenye kalibu moja unaweza kuwa Mzungu wiki hii na Mwasia wiki ijayo. Katika maduka mengi vichwa hivyo hupangwa kwa makundi, na lile linaloitwa "Asia" linatambulika upesi: uso mdogo, kidevu chembamba, ngozi ya rangi ya kaure, macho yanayotazama chini, midomo iliyofumbuka kidogo kana kwamba inasubiri kuambiwa cha kusema. Bara lenye zaidi ya nusu ya watu wote duniani limekuwa kichwa kimoja.

Ni rahisi kucheka, na ni rahisi zaidi kukunja uso na kuendelea na mambo mengine. Lakini sura ile haikubuniwa na fundi wa silikoni. Aliikuta imeshatengenezwa, na waliofanywa kielelezo chake walikuwa watu wenye pumzi.

Tuanzie New York, Oktoba 1834. Meli iliyoitwa Washington ilitia nanga ikiwa na shehena kutoka China, na pamoja na shehena hiyo alikuwamo mwanamke kijana aliyetambulishwa kwa jina la Afong Moy. Walioratibu safari yake walikuwa wafanyabiashara wawili wa ukoo mmoja, Nathaniel na Frederick Carne, waliotaka kuwauzia Wamarekani wa tabaka la kati bidhaa za Kichina: vipepeo, masanduku, mapazia, taa, vitambaa. Walimweka kwenye chumba kilichojaa bidhaa hizo, wakamketisha kitini, wakatoza senti 50 kwa kila aliyetaka kuingia. Watazamaji walimwona akila kwa vijiti na akitembea hatua chache kwa miguu iliyofungwa tangu utotoni. Alizungushwa katika miji kadhaa, na huko Washington alikutanishwa na Rais Andrew Jackson. Baadaye alionyeshwa na P. T. Barnum, bingwa wa maonyesho ya ajabu. Baada ya mwaka 1850 jina lake linatoweka katika kumbukumbu. Hakuna ajuaye kama alirudi kwao.

Maonyesho haya yalikuwa duka. Afong Moy aliketi pale ili mapazia na masanduku yaonekane ya kweli, nayo mapazia na masanduku yakamfanya yeye aonekane mojawapo ya bidhaa. Mtazamaji alitoka akiwa ameona vitu vizuri kutoka mbali, na mmoja wa vitu hivyo alikuwa akipumua.

Msomaji wa Afrika hawezi kusoma habari hizi bila kumkumbuka Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi aliyeonyeshwa London kuanzia mwaka 1810, na ambaye mabaki yake yalirudishwa Afrika Kusini mwaka 2002. Wote wawili walilipiwa kiingilio, lakini walitazamwa kwa namna tofauti. Baartman alivuliwa utu kwa kufanywa nyama tupu: watu walikuja kutazama mwili. Afong Moy alivuliwa utu kwa kuvikwa: watu walikuja kutazama hariri, kaure na viatu vidogo. Mwanazuoni wa Marekani Anne Anlin Cheng amelijengea hoja jambo hili katika kitabu chake *Ornamentalism* cha mwaka 2019. Anasema mwanamke wa Asia ya Mashariki, katika jicho la Magharibi, alitungwa kutokana na mapambo zaidi kuliko kutokana na nyama. Ukiikubali hoja hiyo, mwanasesere wa silikoni hakugeuza mtu kuwa kitu. Alichukua kitu kilichokuwa kimeshapewa jina la mtu, akakipa viungo.

Marekani hiyohiyo iliyolipa senti 50 kumtazama mwanamke wa Kichina haikupenda akae. Mwaka 1875 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Page, ambayo pamoja na mengine ilizuia kuingizwa kwa wanawake wa "China, Japani au nchi yoyote ya Mashariki" kwa ajili ya ukahaba. Maneno yake yalilenga ukahaba, lakini utekelezaji wake ulimtilia shaka karibu kila mwanamke. Huko Hong Kong, waliotaka kusafiri walihojiwa na maofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani ili wathibitishe uadilifu wao. Mke aliyekuwa akimfuata mumewe alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba yeye si kahaba. Mwanamume hakuulizwa swali hilo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1885, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa alifika Nagasaki na kuishi na msichana wa Kijapani kwa mkataba wa malipo, kwa muda wote ambao meli yake ilikuwa bandarini. Alijulikana kwa jina la kalamu la Pierre Loti. Kitabu alichokiandika kuhusu wiki hizo, *Madame Chrysanthème*, kilitoka mwaka 1887 na kusomwa sana Ulaya. Van Gogh alikisoma, na mwaka 1888 akachora picha ya msichana wa Ufaransa na kuipa jina alilolitoa humo. Katika kitabu chote Loti hachoki kuwafananisha Wajapani na wanasesere na mapambo ya rafuni. Anachokiri waziwazi ni kwamba mke wake wa mkataba anamchosha. Anasikitika kwamba mwanasesere ana mambo yake mwenyewe.

Kutoka hapo njia ni fupi kufika Milano, Februari 1904, opera ya Puccini *Madama Butterfly* ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Msichana wa Nagasaki anaolewa na mwanajeshi wa majini wa Marekani, anamzalia mtoto, anamsubiri, na mwishowe anajiua ili mume na mke wake wa Kimarekani wamchukue mtoto. Muziki ni mzuri mno, na ndiyo sababu opera hiyo ingali inaimbwa. Lakini angalia kilichofanyika ndani ya miaka 20. Msichana wa Loti alichosha kwa sababu alikuwa na maisha yake. Wa Puccini hana kingine ila kusubiri. Amerekebishwa.

Wakati Ulaya ikimlilia Butterfly, wanawake halisi wa pande hizohizo walikuwa safarini. Wajapani waliwaita karayuki-san, yaani waendao ng'ambo. Wengi walitoka Amakusa na Shimabara, sehemu za kimaskini za Kyushu zisizo mbali na Nagasaki. Wengine walikuwa bado wasichana wadogo wakati madalali walipowachukua kwa wazazi wenye madeni na kuwapeleka kwenye madanguro ya Singapore, Borneo na kwingineko. Wachache walivuka Bahari ya Hindi hadi Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo Mji Mkongwe, wakihudumia mabaharia waliopita. Bahari iliyotuletea kaure na hariri iliwaleta na wao. Wanahistoria wa Japani wamekwisha kuandika habari zao. Sisi tunaopita vichochoro hivyohivyo tumeandika kidogo sana. Hakuna opera iliyotungwa juu ya msichana wa Amakusa aliyezeekea Unguja.

Hata hivyo, tusiwafanye Wajapani watu wa kutazamwa tu katika hadithi hii. Wao wenyewe walikuwa mafundi wa kutengeneza mtu asiye mtu, na ufundi huo hawakufundishwa na Ulaya. Matsumoto Kisaburō alizaliwa Kumamoto mwaka 1825. Kuanzia mwaka 1854 alionyesha Osaka, kisha Asakusa katika jiji ambalo leo ni Tokyo, sanamu zilizoitwa iki-ningyō, wanasesere walio hai. Zilikuwa na kimo cha binadamu. Ngozi ilipatikana kwa kupaka juu ya mbao tabaka baada ya tabaka la unga wa makombe ya chaza uliochanganywa na gundi, kisha kusugua hadi mng'ao ukafanana na ule wa shavu. Watu walifurika, wakalipa, wakatoka wakiapa kwamba wameona kifua kikipanda na kushuka. Moja ya kazi zake za miaka ya 1870, sanamu ya Kannon, bodhisattva wa huruma, akiwa amevaa kama mwanamke msafiri, ingalipo katika hekalu la Jōkokuji huko Kumamoto. Ustadi uleule ulitumika kwa burudani na kwa ibada, na hakuna aliyeona ajabu.

Ndiyo maana haishangazi kwamba ni Mjapani, Masahiro Mori, profesa wa roboti, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu bonde la mashaka: kadiri kitu kinavyokaribia kufanana na mtu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kifike mahali fulani ambapo ghafla kinatutisha. Miaka saba baada ya makala hiyo, mwaka 1977, Tsuchiya Hideo alianzisha Tokyo kampuni ya Orient Industry, iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote nchini humo kwa wanasesere wa watu wazima. Wa kwanza aliitwa Hohoemi, maana yake tabasamu. Hadi wakati huo bidhaa kama hizo ziliitwa kwa Kijapani datchi waifu, "mke wa Kiholanzi", jina lililotokana na mto mrefu wa mianzi ambao Waholanzi walilala wameukumbatia katika makoloni yao ya Indonesia. Mzungu alimwita mwanamke wa Japani mwanasesere. Mjapani akamwita mwanasesere mke wa Mzungu. Kila mmoja alimtupia mwenzake.

Kinachonivutia zaidi ni lugha ya kampuni ile. Mwanasesere alipopelekwa kwa mnunuzi, ilisemwa kwamba anaolewa. Mnunuzi alipomchoka, alipougua, au alipotaka kuoa mtu, aliweza kumrudisha ili kampuni imwondoe kwa heshima, na safari hiyo iliitwa satogaeri: bibi harusi kurudi kusalimia kwao. Anayejua maana ya binti kuolewa na ya binti kurudi nyumbani atahisi uzito wa maneno hayo. Ni biashara, naam, na maneno matamu huuza. Lakini mtu anayehitaji neno la namna hiyo ili aweze kutupa kitu, amekiri kwamba hakukitumia kama kitu. Katika bustani ya Ueno, jijini humohumo, lipo hekalu la Kiyomizu Kannon-dō, ambako kila tarehe 25 Septemba hufanywa ibada ya kuwaaga wanasesere wa kawaida waliozeeka kabla ya kuwachoma. Utamaduni huo haumfichi mtu upweke wake. Unampa namna ya kuumaliza.

Leo kitovu cha biashara kimehamia China, hasa mkoa wa Guangdong, ambako viwanda hutengeneza sura za kila bara kwa wateja wa kila bara. Mwanamke wa Kichina anayepaka rangi kope za kichwa cha "Asia" kinachokwenda Texas anapamba sura ambayo kitukuu wa watazamaji wa Afong Moy ataitambua mara moja.

Je, mtu mzima akifanya haya chumbani kwake yanatuhusu nini? Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Korea Kusini ilikabiliwa na suala hilo, na mwaka 2019 ikaunga mkono uamuzi kwamba wanasesere hao waruhusiwe kuingizwa nchini, kwa hoja kwamba dola isijitie katika faragha ya mtu. Forodha iliendelea kukaza hadi Desemba 2022, ilipowaruhusu wale wa umbo la mtu mzima. Waliobaki marufuku ni wenye umbo la mtoto na wanaofanana na mtu fulani mahususi. Nadhani hayo yote mawili ni ya haki. Sioni polisi akifanya kazi ya maana chini ya kitanda cha mpweke.

Lakini sura haikai chumbani. Tarehe 16 Machi 2021, mwanamume mmoja aliingia kwa bunduki katika maeneo matatu ya kukandia mwili ndani na karibu na Atlanta. Watu wanane waliuawa. Sita kati yao walikuwa wanawake wenye asili ya Asia. Aliwaambia polisi kwamba sehemu hizo zilikuwa kishawishi alichotaka kukiondoa. Simsingizii mwanasesere mauaji hayo. Nasema tu kwamba hukumu ya Sheria ya Page, kwamba mwanamke huyu ni kishawishi kabla hajafungua mdomo, ilikuwa na miaka 146 siku ile, na ilikuwa bado na nguvu.

Ndipo narudi kwenye kile kifungu cha forodha ya Korea. Mwanasesere asifanane na mtu mahususi: mtu huyo ana jina, ana wakili, anaweza kulalamika. Kichwa cha "Asia" hakifanani na mtu yeyote mahususi, na hiyo ndiyo salama yake kisheria. Kimechongwa kutokana na Afong Moy ambaye hatujui alikofia, mke wa mkataba aliyemchosha Loti kwa kuwa na mambo yake, mke wa Hong Kong aliyetakiwa kuthibitisha kwamba si kahaba, na msichana wa Amakusa aliyetazama bahari kutoka Unguja. Hakuna hata mmoja wao aliyeachiwa wakili.