Baiskeli ya Baba Mkubwa na Mteremko wa Sekenke

Baba mkubwa alikuwa na Raleigh nyeusi, na kila siku ya juma ilikuwa na kiungo chake. Jumatatu mnyororo, Jumanne breki, Jumatano spoki, ambazo alizigonga kwa ukucha mojamoja huku ameinamisha sikio. Iwe imetoka au haijatoka, zamu ni zamu. Sisi watoto wa pale Kiomboi tulimcheka chinichini. Mtu gani anafungua breki zisizo na kosa?

Nilikuwa nimeshakuwa taniboi wa lori nilipokuja kujua kuwa utaratibu ule hakuubuni yeye. Wakati wa vita ya Hitler alikuwa dereva wa jeshi la Mwingereza, na huko lori halikusubiri kuharibika ndipo litazamwe. Kila siku lilikuwa na sehemu yake ya kukaguliwa, na dereva aliyeruka siku yake alijieleza kwa sajini. Alikuwemo katika misafara ya mwaka 1941, majeshi yalipoiteka Mogadishu mwishoni mwa Februari na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, zaidi ya kilomita 1,500 za vumbi na mawe kwa wiki sita hivi. Risasi hakuzisimulia sana. Alisimulia filta ya hewa, ile ya bakuli la oili, ambayo jioni ukiifungua unakuta uji mzito wa mchanga. Usipoiosha leo, injini inakula mchanga kesho.

Bunduki nayo ilikuwa na ibada yake. Baada ya kufyatua, alisema, maji yaliyochemka yalimiminwa ndani ya mtutu, kwa sababu fataki za risasi za siku zile ziliacha chumvi, na mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Maji kwanza, kisha kitambaa kikavu kinachovutwa kwa kamba hadi kitoke safi, mafuta mwisho. Alinionyesha kwa kipande cha bomba na birika la chai la mama mkubwa, ambaye hakufurahi hata kidogo.

Nikilinganisha na vita iliyotangulia, naona ajabu. Mwaka 1916 askari wa Jenerali van Deventer, wa upande wa Mwingereza, walipofika Kondoa, jirani zetu, farasi wao walikuwa wakifa kwa wingi kwa maradhi na ndorobo. Mzigo ukarudi kichwani kwa mpagazi. Upande wa pili, Wajerumani waliichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, hapa hapa Iramba, wakaipeleka Tabora na kuipiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mashine zilikuwa na mafundi. Mpagazi, aliyebeba vita yenyewe, hakukaguliwa na mtu. Alipoanguka waliandika mwingine. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara.

Vita yangu mimi ilikuja mwishoni mwa mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamevuka mpaka na kulipua daraja la Kyaka, na serikali ikakusanya malori na mabasi ya watu yabebe askari na chakula. Bedford tuliyoifanyia kazi ikachukuliwa pamoja na dereva wake, nami nikapanda juu ya turubai kama kawaida.

Sasa anayetoka Singida kwenda Mwanza akishapita Misigiri anafika ukingoni mwa Sekenke. Barabara ya wakati ule ilikuwa ya changarawe, ikishuka kwa kona kuelekea Shelui na mbuga za Wembere, ambako mvua ikinyesha udongo unashika tairi kama gundi. Juu ya mteremko ule msafara wetu ulisimamishwa na koplo mmoja, fundi wa jeshi. Hakutuuliza barua wala mzigo. Alishuka na kipande cha nondo, akaanza kugonga matairi ya nyuma ya kila lori, yale ya ndani yasiyoonekana. Tairi lenye upepo linarudisha nondo kwa mlio, lililolegea linalia bubu. Kisha akaweka mgongo wa mkono kwenye habu ya kila gurudumu, kiganja hapana, kwa kuwa mgongo wa mkono unahisi joto mapema na ukiungua bado utashika spana. Lori lenye shehena ya mahindi lilikuwa na habu isiyogusika. Dereva akalalamika kuwa tunachelewa vita. Koplo akamwambia avue gurudumu. Beringi ilitoka kavu, ya bluu kwa kuungua, bila dalili ya gresi. Tukakaa saa tatu juani, na dereva yule hakusema tena neno.

Nilimtazama koplo nikamwona baba mkubwa na spoki zake.

Watu husimulia vita hiyo ya Kagera kwa makombora, na haki yao. Mimi nilichokiona ni kwamba spea hazikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya umefungwa, na spea nyingi tulizozoea zilitoka Nairobi. Kilichokufa njiani kilikuwa kimekufa kweli. Kwa hiyo gresi ya asubuhi ilikuwa na thamani kuliko fundi hodari wa jioni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Bedford yetu ilirudi miezi kadhaa baadaye, springi zimelala, chesisi ina ufa uliochomelewa mara mbili. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Tukaifunga, ikapita miezi 18, bado tulikuwa tunakata majani ya springi kutoka kwenye magari mabovu.

Nilipofika Kiomboi na kumsimulia baba mkubwa vita yote, Kyaka, matope, koplo, alisikiliza kimya, mkono uko kwenye pedali. Halafu akauliza lile lori la mahindi lilipigwa gresi mara ya mwisho lini. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akaigeuza Raleigh miguu juu. Ilikuwa Jumanne.