Fadhila

Mtaani fadhila ni wema anaotendewa mtu: umekopeshwa mbegu, umepewa lifti mpaka Same mjini, una fadhila ya kukumbuka. Kanisani neno lina kazi nyingine. Katekisimu inataja fadhila kuu nne, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, na hapo fadhila inakaa ndani ya mtendaji mwenyewe.

Maana hii ya pili ndiyo aliyoichambua kwa kina Mtakatifu Thomas wa Akwino katika karne ya 13. Kwake, fadhila ni mazoea mema yaliyokwisha kuota mizizi, na zile za kiutu hupatikana kwa kutenda tena na tena. Haki, kwa mfano, ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake.

Upareni, ilipo Same, jambo hili linaonekana kwenye ndiva, yale mabwawa ya jadi yanayokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe mfereji kwa mfereji, kwa zamu. Mwenye shamba la juu anaweza kuiba maji bila kuonekana. Akifunga mfereji zamu yake inapokwisha, leo na msimu ujao, anajenga fadhila ya haki. Anayeshika jembe kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa tope la ndiva naye anajenga fadhila hiyohiyo.

Jimbo Katoliki la Same limekuwapo tangu 1977. Natamani mahubiri ya huko yaitamke fadhila kwa maana hii, na yataje ndiva waziwazi.