Kikomo cha Mishahara na Usajili wa Nyota wa Mpira wa Kikapu: Ukanda wa Ruiru na Thika

Kikomo cha mishahara ni kiasi cha juu kabisa cha fedha ambacho kanuni za ligi huiruhusu timu moja kuwalipa wachezaji wake wote katika msimu mmoja. Kimewekwa ili klabu zenye uwezo zisijinyakulie nyota wote na kuziacha nyingine zikisindikiza. Katika mpira wa kikapu kanuni hii imekita mizizi Marekani, katika NBA ya wanaume na WNBA ya wanawake, na tangu 2025 imebisha hodi hata katika michezo ya vyuo vikuu vya huko. Ligi ya Kenya haina kikomo cha namna hiyo. Hata hivyo, kanuni hii inawahusu wanavikapu wa ukanda wa Barabara ya Thika, kuanzia Kasarani kupitia Ruiru na Juja hadi Thika mjini, kwa kuwa ukanda huo hulea vipaji ambavyo baadaye huingia katika masoko yanayotawaliwa na kikomo.

Asili

Msimu wa 1946–47, ligi ya BAA, iliyokuja kuwa NBA, iliweka kikomo cha dola 55,000 kwa kila timu, kisha ikakiacha. Kikomo cha sasa kilianza msimu wa 1984–85, kikiwa dola milioni 3.6. Kufikia 2024–25 kilikuwa dola 140,588,000. Kinapanda kwa sababu hukokotolewa kutokana na mapato ya ligi: mkataba kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji huwapa wachezaji takriban nusu ya mapato yanayotokana na mchezo. Haki za televisheni zikinunuliwa kwa bei kubwa zaidi, kikomo nacho hupanda.

Kikomo legevu na kikomo kikali

Kikomo cha NBA ni legevu, maana yake timu inaweza kukivuka kwa njia zilizoruhusiwa. Njia maarufu zaidi ni haki ya Bird, iliyopewa jina la Larry Bird wa Boston Celtics. Inairuhusu klabu kumsajili upya mchezaji wake yenyewe hata ikiwa imeshapita kikomo. Juu ya kikomo kuna mstari wa kodi ya anasa, na juu ya kodi hiyo kuna vizingiti 2 vya adhabu. Chini ya mkataba wa 2023, timu inayovuka kizingiti cha pili haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji kadhaa ili kumpata mmoja mkubwa kwa kubadilishana, wala haiwezi kutumia nafasi maalumu ya kuwasajili wachezaji wa kiwango cha kati. Msimu wa 2024–25 kizingiti hicho kilikuwa karibu dola milioni 189.

Katika msimu wa 2025 WNBA ilitumia kikomo kikali, kisichovukwa kwa visingizio vya aina hiyo. Kilikuwa dola 1,507,100 kwa timu, na mshahara wa juu kabisa wa mchezaji mmoja ulikuwa dola 249,244. Wachezaji 6 wa daraja hilo wangemaliza karibu fedha zote, ilhali kikosi kilihitaji wachezaji wasiopungua 11. Ndiyo maana katika ligi hiyo nyota mara nyingine alikubali kupunguziwa mshahara ili mwenzake naye apate nafasi.

Mchezaji huru

Mchezaji huru ni yule ambaye kandarasi yake imekwisha na anaweza kuzungumza na klabu yoyote. NBA ina makundi 2. Asiye na masharti huenda anakotaka. Mwenye masharti, aghalabu kijana anayemaliza kandarasi yake ya kwanza, anaweza kupokea ofa kutoka nje, lakini klabu yake ina haki ya kuifikia ofa hiyo na kubaki naye. Mazungumzo na klabu za nje hufunguliwa mwishoni mwa Juni, na kandarasi nyingi hutiwa saini kuanzia Julai 6.

Hesabu ya kumsajili nyota

Mshahara wa juu wa mchezaji mmoja wa NBA hutegemea miaka aliyocheza katika ligi: hadi miaka 6 hupata asilimia 25 ya kikomo, miaka 7 hadi 9 asilimia 30, na miaka 10 au zaidi asilimia 35. Kwa kikomo cha 2024–25, viwango hivyo vilikuwa takriban dola milioni 35.1, milioni 42.2 na milioni 49.2.

Chukua klabu ambayo tayari imejifunga kulipa dola milioni 105. Imebakiwa na nafasi ya dola milioni 35.6. Inaweza kumlipa kikamilifu nyota wa miaka 5, lakini nyota wa miaka 8 hatoshei, labda akubali pungufu au klabu imwondoe mchezaji mwingine. Isitoshe, mchezaji wake ambaye kandarasi imekwisha huendelea kuhesabiwa kwenye kikomo hadi klabu itangaze rasmi kwamba imemwachilia. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia nyota simu, mkurugenzi wa klabu huamua kwanza nani atafungasha virago.

Mfano unaotajwa sana ni wa Kevin Durant, Julai 2016. Kikomo kilikuwa kimeruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94.1 kwa mwaka mmoja, na Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors, alikuwa bado yuko kwenye kandarasi ya zamani ya dola milioni 12 hivi kwa mwaka. Warriors walimwachilia Harrison Barnes, wakamtoa Andrew Bogut kwa Dallas, kisha wakamsajili Durant kwa mshahara wa karibu dola milioni 26.5 msimu wa kwanza. Walitwaa ubingwa 2017 na 2018.

Malipo ya kando

Kikomo hakina maana ikiwa malipo yanaweza kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 2000 NBA iligundua kwamba Minnesota Timberwolves walikuwa na makubaliano ya siri na Joe Smith: acheze kwa mshahara mdogo kwa muda, kisha alipwe donge nono baada ya klabu kupata haki ya Bird. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 3.5 na kupokonywa haki za kuchagua chipukizi. Tangu hapo kazi kubwa ya wanasheria wa ligi imekuwa kuamua ni kitu gani kihesabiwe kuwa mshahara: nyumba, tangazo la biashara la mfadhili wa klabu, hata ajira ya jamaa. Swali hilohilo ndilo gumu zaidi kwa Kenya.

Hali nchini Kenya

Ligi Kuu huendeshwa na Shirikisho la Mpira wa Kikapu Kenya (KBF), na mechi zake nyingi huchezewa ukumbi wa Nyayo jijini Nairobi na Makande, Mombasa. Timu nyingi ni za taasisi. Ulinzi Warriors ni ya Jeshi la Ulinzi, KPA ni ya Halmashauri ya Bandari, Equity na Co-operative ni za benki, na Strathmore, USIU na Zetech ni za vyuo vikuu. Kwa hiyo usajili wa mchezaji mzuri mara nyingi huja kwa sura ya barua ya ajira, kuandikishwa jeshini au kulipiwa karo, wala si kandarasi ya kucheza vikapu.

Mfumo huu umewalisha wanamichezo wengi, na uzuri wake ni kwamba mchezaji akistaafu bado ana kazi. Lakini mshahara wa mwanajeshi, marupurupu ya karani wa benki na msamaha wa karo haviwekwi kwenye mzani mmoja. Ligi ikitangaza kikomo leo, timu ya bandari itasema haimlipi mtu kwa kucheza, na chuo kitasema kinasomesha tu. Kikomo kilichopo ni mfuko wa taasisi yenyewe, nao hubadilika kila bajeti inapopitishwa.

Ukanda wa Barabara ya Thika

Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa 2012, imeunganisha msururu wa vyuo: Kenyatta huko Kahawa, Zetech huko Ruiru, JKUAT huko Juja na Mount Kenya chenye makao makuu Thika. Mwanzoni mwa ukanda, ukumbi wa Kasarani uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 ndio uliotumiwa mwishoni mwa 2024 kwa mechi za kufuzu Ligi ya Kikapu Afrika (BAL). Ukanda wote una vijana wengi wa umri wa kucheza, lakini hauna klabu ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Walio na kipaji hukua chini ya vyuo, kisha huvutwa na timu zenye ajira Nairobi au Mombasa.

Hatari ya kutegemea mfuko mmoja inajulikana Thika kupitia soka. Thika United, iliyocheza Ligi Kuu kwa miaka kadhaa, ilibebwa na udhamini wa kampuni ya maziwa ya Brookside yenye kiwanda Ruiru, hata mashabiki wakaiita timu ya wauza maziwa. Ilishuka daraja 2018.

Madina Okot: kutoka Ruiru hadi South Carolina

Mfano mkubwa zaidi wa nyota aliyepitia ukanda huu ni Madina Okot, mchezaji wa kati mwenye urefu wa karibu mita 2. Alichezea Zetech Sparks, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Zetech, na timu ya taifa, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi State msimu wa 2024–25. Huko alifunga wastani wa zaidi ya pointi 11 kwa mechi. Mwaka 2025 alihamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley, mojawapo ya timu zenye nguvu zaidi za vyuo vya Marekani.

Uhamisho wake wa pili ulifanyika kupitia utaratibu unaowaruhusu wanafunzi kujiandikisha kuwa wanataka kuhama, jambo ambalo limewageuza kuwa kama wachezaji huru kila mwaka. Mwaka huohuo, Juni 6, mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambayo yaliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja kuanzia Julai 1. Makubaliano hayo yaliweka kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote pamoja. Kwa mwanafunzi kutoka Kenya kuna kizuizi kingine: viza ya masomo ya F-1 hubana sana ajira, kwa hiyo mapato ambayo mwenzake Mmarekani huyapata kwa saini moja yeye huhitaji ushauri wa mwanasheria kabla ya kuyagusa.

Katika mfumo huo wa vyuo hakuna ada ya uhamisho inayorudi kwa timu iliyomlea mchezaji. Hasara ya kimichezo hubaki Ruiru, na faida ni jina.

Nairobi City Thunder na mipaka ya BAL

Kenya ilipata sura mpya pale Nairobi City Thunder ilipochukuliwa na kampuni ya Twende Sports mwaka 2023 na kuendeshwa kama klabu ya kulipwa. Iliwaleta pamoja Wakenya waliocheza ng'ambo, akiwemo Tylor Okari Ongwae, ambaye kikapu chake cha mwisho dhidi ya Angola mwaka 2021 kiliirejesha Kenya katika AfroBasket, michuano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu BAL, na ikashiriki msimu wa 2025.

BAL, iliyoanza kuchezwa Kigali 2021, ilichagua kusawazisha timu kwa idadi ya wachezaji. Kwa kanuni ilizoanza nazo, wachezaji wengi wa kikosi wawe raia wa nchi ya klabu, wageni wasizidi 4, na kati ya hao wasiokuwa Waafrika wasizidi 2. Mpaka wa namna hii ni rahisi kukagua: pasipoti huonekana wazi, mshahara hufichika.

Kandarasi na sheria

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka ajira ya miezi 3 au zaidi iandikwe. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, ambako mchezaji anaweza kupeleka malalamiko. Kwa uhamisho wa kimataifa, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia (FIBA) hudai barua ya ruhusa kutoka shirikisho la nchi anakotoka mchezaji, na shirikisho linaweza kuikataa kwa sababu moja tu: kwamba bado anabanwa na kandarasi. Asiye na kandarasi hazuiliki, na timu yake haina cha kudai. Mizozo ya mishahara ya kimataifa husikizwa na jopo la usuluhishi la BAT lenye makao ya kisheria Geneva, lakini ikiwa tu kifungu cha kulitumia kimeandikwa ndani ya kandarasi.

Tathmini

Wanaotaka kikomo Kenya husema kingezuia timu 2 au 3 kutawala ligi. Wanaopinga husema kingewapunguzia riziki wachezaji ambao tayari wanalipwa kiduchu. Pande zote mbili zinajadili paa la nyumba isiyo na kuta. Kikomo hukokotolewa kwa mapato yanayojulikana na kandarasi zinazoonekana, na ligi ya Kenya bado haijaweka wazi hata kimojawapo. Hatua ya kwanza kwa klabu za Ruiru, Thika na kwingineko ni kandarasi iliyoandikwa, inayotaja karo, posho, muda na masharti ya kuondoka, na nakala yake ihifadhiwe na shirikisho. Bila karatasi hiyo, mchezaji hana ulinzi akiumia, na timu haina haki nyota wake akipanda ndege.